Ng'ombe Wazee wa Chini ya Ndoo

Kwa miaka kumi na mmoja, fundi wa maabara aliyeitwa Mama Macho alipokea kila asubuhi ndoo ya macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, akakata kile kioo cha mbele ya jicho, utando ule angavu, akakibonyeza kwa mashine ya kupima ugumu. Nyumbani hakuna aliyemuuliza siku ilikwendaje, hasa wakati wa kula.

Daktari mpya aligundua kwamba vioo vinavyopimwa asubuhi ni laini, vya alasiri vigumu. Akaandika barua kali: jicho hukakamaa kwa uzee, basi watu wa machinjioni wanaficha ng'ombe wazee chini ya ndoo. Akampa Mama Macho aipeleke huko.

"Daktari, vya alasiri vinashinda kwenye sinia chini ya feni. Kioo kikikauka kinakakamaa, kikilowa kinalegea."

"Una ushahidi?"

Mama Macho alichukua kioo kigumu kilichotoka kupimwa, akakidondoshea maji ya chumvi, akasubiri, akakibonyeza tena. Ng'ombe alikuwa amerudia ujana.

Daktari alitazama namba, akatazama feni, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama barua ilishafika.

"Nimeilowesha," alisema Mama Macho, "nikafunikia vioo vilivyobaki kwenye sinia."