Kompyuta Iliyofundishwa Kuamkia

Nilirudi Mwanza na sanduku moja la nguo, stashahada ya kompyuta na kasha la diski. Sikusomeshwa na mjomba wala na serikali. Nilisoma jioni katika mji wa baridi kaskazini mwa Uingereza, na mchana niliosha sufuria za hoteli mpaka kucha zikalainika. Mtu akiniambia najisifu, namjibu kwamba ndiyo, najisifu. Zile sufuria niliziosha peke yangu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, viwanda vya minofu ya sangara vikijengwa ufukweni, na ndege za mizigo zikitua Ilemela kufuata samaki. Kiwanda kimoja kiliniajiri nitunze kompyuta zake. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihaya aliyeanza na lori moja la ndizi. Alinipa chumba, feni, na kikombe cha chai ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Programu zote pale zilikuwa za kulipia. Kila kompyuta ilikatiwa leseni yake kila mwaka, kama baiskeli zilivyokuwa zikikatiwa zamani. Mwaka ule bei ikapanda, na mzee akaamua kupunguza kompyuta. Ya kwanza kuondoka ingekuwa ile ya mapokezi ya samaki, pamoja na aliyeikalia.

Aliyeikalia alikuwa mama wa makamo kutoka Kisesa. Sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Kazi yake ilikuwa kuingiza uzito wa samaki kadiri walivyoshushwa na kupimwa. Alikwisha kupunguzwa kazi mara moja, kiwanda cha kuchambua pamba alichokuwa akifanyia kazi kilipouzwa, na harufu ya jambo hilo aliijua kabla halijasemwa. Mimi mama yangu alifariki nikiwa ughaibuni. Mayu ndiye aliyeniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nile na karanga, akisema nimekonda kama mtu aliyekuwa akilishwa ukungu.

Nikaenda kwa mzee.

"Mzee, kuna programu zisizo na leseni. Nimekuja nazo. Unaziweka kwenye kompyuta zote, na hakuna atakayekuja kukudai."

"Kazitengeneza nani?"

"Watu mbalimbali duniani. Wanazigawa bure, na jinsi walivyoziandika ndani wanakuonyesha, ubadilishe utakavyo."

"Bure!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Msomi wangu, mtu akupikie, akupakulie, halafu akukaribishe mpaka jikoni? Ana shida gani huyo?"

Lakini alikuwa mfanyabiashara. Wakala wa zile programu za kulipia angekuja kutoka Dar Ijumaa ya wiki iliyofuata ili mkataba usainiwe. "Siku hiyo," mzee akasema, "Mayu apokee samaki kwa hicho kitu chako. Akiweza, tunahama wote na yeye anabaki. Akishindwa, nasaini mkataba mdogo, yeye anakwenda nyumbani."

Nilimwandikia programu ya mapokezi iliyofanana na ile ya zamani safu kwa safu. Mpaka leo sijaona kijana wa chuo anayeweza kuifanya kwa siku zile chache. Nikamketisha Mayu. Kioo cha kompyuta kikawaka cheusi, na neno moja la Kiingereza likamtaka ataje jina. Mayu akakunja mikono.

"Andika jina, Mayu."

"Huyu mtoto wako hana adabu."

"Mtoto gani?"

"Huyu hapa. Nimetoka Kisesa alfajiri, naingia, hata shikamoo hakuna. Ananiuliza jina kama polisi wa barabarani."

"Mbona hata ile ya zamani haikukuamkia?"

"Ile ilikuwa ya Wazungu. Hii unasema ni yetu."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona bado amekunja mikono. Akasema taratibu, "Mwanangu, kule kwenye pamba nako walianza kwa kutubadilishia mashine. Wakatuambia ni mafunzo."

Jioni ile, wenzangu walipokwenda kutazama mpira, nilifungua maandishi ya ndani ya programu. Katika zile za kulipia usingeweza kugusa hata nukta. Katika hii niliingia mpaka sebuleni, nikahamisha viti. Kesho yake Mayu alipoketi, kioo kiliandika: *Karibu. Ni nani mwenzangu?* Akaandika *mayu*. Kikajibu: *Shikamoo, Mayu.*

Alinitazama, akakitazama kioo, akaweka miwani sawa.

"Sasa hapo andika neno lako la siri," nikamwambia.

"Neno gani tena? Nimeamkiwa, naitikia." Akaandika *marahaba*, na hilo likawa ndilo neno lake la siri.

Neno la siri halionekani kwenye kioo unapoliandika. Mayu akadhani hajasikika. Akalisema kwa sauti, "Marahaba!", na tangu hapo akawa analisema kila asubuhi, hata wapakuaji samaki nje walilisikia. Nilimweleza maana ya siri. Akaniuliza tangu lini mtu mzima akaitikia shikamoo kwa kificho.

Ijumaa wakala akaja, kijana aliyefunga tai, viatu vikiteleza kwenye sakafu yenye maji ya barafu. Aliikagua kazi yangu, asione kasoro, mpaka aliposikia Mayu akiitikia.

"Mzee, umesikia? Hilo ndilo neno la siri. Kiwanda kizima kinalijua. Mtu yeyote ataingia kwa jina la huyu mama na kuandika uzito anaotaka."

Mzee akanigeukia, uso umebadilika. Mayu alinyanyuka taratibu kwenye kiti, akasimama pembeni na mabuti yake, mikono nyuma. Nje lori lilikuwa likingoja kushusha.

Mzee akamwita karani wa stoo, binti mdogo. "Ingia kwa jina la Mayu."

Binti akaketi, akaandika jina. Kioo kikasema: *Shikamoo, Mayu.* Vidole vikabaki juu ya vibonye.

"Andika! Si unalijua?"

"Nalijua, mzee. Lakini niitikie shikamoo ya Mayu, naye amesimama hapa? Hapana, siwezi."

"Nipishe," akasema wakala, akaketi. Mayu akainama kidogo.

"Mwanangu, mama yako hajambo?"

"Hajambo," akajibu kijana, na akaongeza bila kufikiri, "Shikamoo."

"Marahaba."

Kijana alitazama vibonye, akatazama tai yake, akanyanyuka. Mzee akaangua kicheko kilichozidi kile cha chai. "Mayu, kaa mahali pako. Samaki wanaoza."

Akaketi. Akaitikia kwa sauti, kisha akapokea shehena yote ya asubuhi ile, na mkataba ukarudi Dar bila wino.

Jumatatu nilitoka nyumbani mapema, nikasimama mlangoni asinione. Mayu aliandika jina lake, akaamkiwa, akaitikia. Kisha akakisogelea kioo.

"Hujambo?" akakiuliza. Akangoja. Kioo kilikuwa kimya. Akangoja tena kidogo, ndipo akavuta kiti na kuanza kazi.

Nilikwenda kwenye chumba changu cha kazi bila kugusa chai, nikafungua yale maandishi, na chini ya marahaba yake nikaongeza mstari: *Sijambo, mama.*

Neno la Kisukuma nililijua. Niliandika mama kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita wangu.