Mrututu Bila Chokaa

Bwana shamba aliyeletwa kijijini kwetu Vugiri miaka ile ya Ujamaa alijua kila kitu isipokuwa shamba. Alipanda mlima kutoka Korogwe na suti ya Kaunda iliyonyooshwa kwa pasi, akawa anaruka madimbwi kama mbuzi anayeogopa kulowa kwato.

Shamba la matofaa aliloliacha mzungu lilikuwa sasa la kijiji. Mama yangu alilifanyia kazi tangu kabla ya Uhuru. Kila mwaka, miti ilipokaribia kuchanua, ndiye aliyechanganya mrututu, ile dawa ya buluu, na chokaa, tukapulizia ili ukungu usishambulie maua.

Mwaka ule bwana shamba alikuta miti ya chini ya mteremko imeshachanua, nyuki wamejaa. Akaagiza mrututu ukorogwe peke yake, tena mwingi, tena saa sita mchana. Mama mtu mzima vile, hata shikamoo hakumpa.

"Mwanangu," mama alimwambia, "bila chokaa utaunguza. Na maua yakishafunguka hatupulizii. Tunapulizia yakiwa bado matumba."

"Mama, hiyo ni kasumba ya mkoloni. Mimi nimesoma."

Alisoma, sikatai. Alisoma nini, ndilo sijui mpaka leo.

Mwenyekiti wa kijiji alisema amri ni amri, tukapuliza. Saa nane njaa ikamshika mtaalamu, akaenda kula, kazi ikaishia hapo, miti ya juu ikasalimika. Siku ya tatu maua ya chini yalikuwa ya kahawia, yamekauka kama karatasi iliyobabuliwa na moto, na nyuki wametapakaa chini wamekufa. Mama aliokota tawi moja, akaligeuzageuza. Mimi nililia kwa hasira. Bwana shamba akaandika kwamba udongo wetu ni mbovu, akashuka zake Korogwe.

Mama hakungoja ruhusa. Kesho yake asubuhi tulikoroga mrututu na chokaa, tukapulizia miti ya juu, ambayo baridi ilikuwa imechelewesha matumba yake. Ikazaa mpaka matawi tukayaegemeza kwa nguzo.

Wakati wa mavuno yule bwana alirudi, akainua tofaa mkutanoni.

"Haya ndiyo matunda ya utaalamu!"

Mama akasimama. "Bwana shamba, waeleze watu chokaa ni ya nini."

Akafungua daftari, akapekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Watu walicheka hadi mwenyekiti akafunga mkutano. Tangu siku hiyo funguo za stoo ya dawa zilikaa kwa mama. Bwana shamba alihamishwa, tukasikia amepandishwa cheo, anafundisha wenzake.