Mafuta ya Karanga Kwenye Glovu

Nitauinua huu mkono wangu wa kulia mara moja tu, muutazame vizuri, kisha nitaushusha, maana sikuuleta hapa kwa maonyesho. Mmeona vidole ni vinne. Sasa tulieni niwaambie cha tano kilikwenda wapi. Ninyi mabinti mnaosomea uhudumu wa zahanati mtapelekwa vijiji kama nilichopelekwa mimi, na sanduku la dawa kama nililopewa mimi, na sitaki hata mmoja wenu alie kama nilivyolia.

Mimi ni Mama Zuhura, mzaliwa wa Gongoni, hapa hapa Tabora mjini. Mume wangu Ramadhani ni fundi viatu, mtoto wa fundi viatu. Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Bukene, yeye akawa fundi wa kijiji na mimi nikapewa zahanati: chumba kimoja, kitanda cha kuzalishia, jiko la mkaa na kabati. Nilikuwa na nguvu za punda. Nilizalisha, nikalima shamba la kijiji, jioni nikasonga ugali. Na nilikuwa na majivuno, nisiwafiche. Hakuna mzazi aliyekuwa amefia mikononi mwangu.

Zahanati ilikuwa na glovu za aina mbili. Kulikuwa na zile nene, nyekundu, zinazokaribia kiwiko, za kufulia mashuka yenye damu na kuoshea vyombo kwa dawa kali. Halafu zile nyembamba, kila jozi ndani ya paketi yake, za kuzalishia. Hizi nyembamba tuliambiwa ni za kuvaa mara moja na kutupa. Kutupa! Katika kijiji ambacho hata kopo tupu la maziwa lina mwenyewe! Nikawa nazifua, nazichemsha, nazianika kambani, nazipaka poda zisigandane, nazivaa tena. Watu wakipita walinitania, "Mama Zuhura, leo umeanika mikono?" Nami nawajibu, "Sogea, mmoja nimeuacha kwa ajili ya shavu lako."

Zile nene ndizo zilizotangulia kuondoka. Vijana wa pamba walizichukua wakachanganyie dawa ya wadudu. Nilipomfuata mwenyekiti kuzidai, akaniambia, "Mali ya kijiji ni ya wote, ndugu. Kwani wewe huna nyingine?"

Nilikuwa nazo nyingine. Basi nikaanza kuoshea vyombo kwa zile zile nyembamba: asubuhi zimo kwenye dawa kali, mchana zinampokea mtoto.

Kisha poda ikaisha. Glovu zikikauka zinashikana na kukakamaa, hazivaliki. Nikalalamika nyumbani. Ramadhani akaichukua jozi moja, akaivutavuta, akasema, "Hii nayo ni kazi? Kitu kikikauka kinapakwa mafuta. Mimi ngozi naipaka miaka yote, inalainika kama ya ndama."

Akanimiminia mafuta ya karanga kwenye kikombe. Nikapaka. Jamani, zililainika! Ziliingia mkononi zenyewe. Nilimsifu mume wangu mpaka akaona haya. Baada ya siku chache zilianza kunata na kulegea kwenye ncha za vidole, nami nikadhani ndiyo ulaini wenyewe.

Wakati wa mavuno kijiji kizima tulikaa siku mbili kupukuchua mahindi kwa mikono. Kidole changu cha shahada kikatoka lengelenge, likapasuka, pakabaki kidonda kisichozidi punje ya hindi. Nani anajali kidonda kama hicho? Mchana wa siku ya pili wakamleta Kabula amelazwa kwenye kitanda cha kamba. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi yake, chupa imepasuka zamani, na maji yanayotoka yananuka.

"Mayo wee, nakufa!" alilia. "Dada, usiniache!"

Siku zote, kabla ya kuvaa glovu, nilikuwa nazijaza maji na kuzibana nione kama zinavuja. Siku ile sikuzijaza. Nilizivaa nikaingia kazini. Kichwa cha mtoto kilipokuwa kinatoka, nilihisi uvuguvugu kidoleni. Ncha ya glovu ilikuwa imefumuka, na kidole changu kiko nje kama kwenye soksi mbovu. Ningefanyaje, nimwambie mtoto asubiri? Niliendelea. Akatoka binti, kimya, nikamsugua mgongo mpaka akalia. Nikamchoma Kabula sindano ya penisilini, nikanawa kwa sabuni, nikaenda kupika.

Kesho yake asubuhi kidole kilikuwa kinapwita. Jioni kilikuwa kimevimba, hakikunjiki. Siku iliyofuata niliona mstari mwekundu umetoka kwenye kiganja, unapanda mkononi, na kwapani pameota tezi inayouma hata nikivuta pumzi. Nilitetemeka katikati ya jua kali, nimejifunika blanketi. Chupa za penisilini kabatini zilikuwa chache. Nilijua zinamtosha mtu mmoja. Kabula alikuwa na mtoto wa siku mbili kifuani. Nikamchoma yeye.

Ramadhani alinipakia kwenye baiskeli akanisukuma mpaka Bukene. Treni ya kutoka Mwanza haikuwepo. Mkuu wa stesheni alituambia inakuja, na kutwa nzima ikawa inakuja.

Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Nilijilaza kwenye saruji ya stesheni, mkono nimeuinua juu, kwa sababu nikiushusha maumivu yalipiga mpaka kwenye meno. Kidole kilikuwa cheusi nchani, na chini ya kucha kunachuruzika usaha. Nilinuka. Niliinusa kwangu mwenyewe harufu ile ile ya maji ya Kabula.

"Azima panga kwa yule muuza miwa," nilimwambia mume wangu. "Ukate."

"Mama Zuhura, muombe Mungu."

"Ramadhani, nakusihi, kata!"

Akageukia relini ili nisimwone uso. Na mimi sikuomba. Leo nasema hivyo mbele yenu bila kujitetea. Nilimuuliza Mungu ni watoto wangapi niliompokelea kwa mkono ule, na kama haya ndiyo malipo, basi anichukue pale pale kabla treni haijafika. Nilitaka kufa. Zuhura wangu alikuwa na miaka minne, na hata yeye sikumkumbuka.

Treni ikaja. Hospitalini Tabora daktari, mtu mzima mwenye mvi, aliugeuza mkono wangu huku na huku, akabonyeza kwapani.

"Pole sana, mama. Sumu imeanza kuingia kwenye damu. Tukiuacha huu mkono unaweza kukuzika. Afadhali tukate hapa, juu ya kiwiko."

Mimi niliyekuwa nataka panga stesheni, niliposikia neno lile kwa daktari, nilipiga yowe. "Daktari, huu ndio mkono wa kazi yangu! Nipe mpaka kesho!"

Akatoa kalamu mfukoni, akachora mstari chini kidogo ya kiwiko, pale wekundu ulipoishia. Akasema watanipasua kidole usaha utoke, na penisilini nitachomwa kila baada ya saa sita. "Lakini wekundu ukivuka huu mstari, sitakuuliza tena."

Nilipasuliwa. Nikarudishwa kitandani, na kazi yangu ikawa moja tu, kuutazama ule mstari. Mabinti, sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ule wino. Kila nilipofumba macho niliuona mkono wangu ndani ya ndoo.

Daktari alirudi na swali. "Muuguzi kaniambia glovu ilifumuka. Ulikuwa unazitunzaje?"

Nilimweleza yote, mpaka mafuta. Akashika kichwa. "Mafuta yanakula mpira, mama. Yanaulainisha kwa kuuoza. Nani alikufundisha hivyo?"

"Nilijifundisha mwenyewe," nikasema.

Ramadhani alikuwa amesimama miguuni pangu, kofia mkononi. "Anasema uongo, daktari. Ni mimi. Nilidhani mpira ni kama ngozi." Kisha akakaa chini sakafuni, mwanamume mzima, akalia kwa sauti wodi nzima ikasikia. "Kama ni kukata, kateni wangu."

Wekundu uliufikia mstari. Sehemu moja uliugusa, nami nikaanza kumuaga mume wangu. Nilimwambia Zuhura alelewe na mama yangu, asipelekwe kwa mashangazi. Alfajiri muuguzi alipokuja na sindano, aliinama akaangalia, akaangalia tena. "Umerudi nyuma," akasema. "Upana wa kidole kimoja."

Kidole chenyewe hakikupona. Kilikuwa kimekwisha kufa, wakakiondoa kutoka kwenye shina lake. Nilikaa wodini wiki nyingi, nikajifunza upya kushika kijiko, kufunga kifungo, kuchoma sindano. Katika sala, mahali pa kuinua kidole cha shahada, nilikuwa nainua kisichokuwepo na machozi yananitoka. Mpaka leo bado huwashwa kucha ambayo sina. Kabula alikuja kunitazama na binti yake amemfunga mgongoni. Akaniwekea mtoto mapajani, akakaa.

Namshukuru Mungu niliyemtukana pale Bukene. Namshukuru daktari aliyekubali kungoja, na mume wangu, ambaye mpaka leo akiona chupa ya mafuta ya karanga sokoni anapita upande wa pili.

Ninyi nawaomba haya. Glovu nene ni za kuoshea na kufulia, zisimguse mzazi. Ya kuzalishia ni ya mzazi mmoja. Isiguse ndoo ya dawa kali, mafuta wala jua la kambani. Iliyoingia kwenye sumu ya pamba ibaki kwenye pamba, hata mwenyekiti akikuletea na asante juu. Kabla hujavaa tazama mikono yako, na kidonda kikiwepo kifunge, hata kama ni kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Najua kuitupa kutawauma. Mtaishika mkononi mwaona bado nzima, na kabati lina paketi tatu tu, na huruma itawaambia mfue mara moja tu hii. Mimi huruma hiyo siishindi kwa maneno. Mzazi akishatulia, kabla sijanawa, nachukua mkasi naikata vidole glovu yote, isije ikanishawishi wala kumshawishi atakayekuja baada yangu.

Naanza na cha shahada.