Sauti Zisizojulikana

Mwalimu mstaafu kutoka Cheptiret aliniletea laptop yake kwa sababu ilikuwa inajikokota. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na mtaa wa mjini uitwao West Indies, na kiburi kingi kuliko wateja. Sisi mafundi wa mjini tulikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: futa kila kitu, kisha weka programu upya kutoka kwenye flashi. Nilifuta bila kuuliza.

Alipokuja kuichukua aliiwasha, akatafuta, akatafuta tena. Kisha akasema, "Msichana, kogo wangu wako wapi?"

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Alikuwa amerekodi kwa simu nyanya watano wa kwao wakiimba nyimbo za kubembeleza watoto, akahamishia sauti zao kwenye laptop, akazifuta kwenye simu. Wawili walikuwa wameshafariki.

"Aki Mwalimu, nisamehe. Nipe wiki moja."

Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda. Programu ya kufufua faili ilinirudishia maelfu, zote bila majina, nambari tupu. Sauti peke yake zilikuwa nyingi kupindukia, maana michezo na programu huja na milio yake. Kwa siku mbili nilisikiliza kengele, bunduki na makofi, faili baada ya faili, huku nikijitukana. Haraka haraka haina baraka. Niliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na haikunisaidia kitu.

Siku ya tatu nikakumbuka hashi. Kompyuta husoma faili nzima na kuipa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, mfano wa alama ya kidole. Jina likipotea, alama inabaki ile ile. Mtandaoni kuna orodha za bure za alama za programu zinazojulikana. Ningeondoa kila kinachojulikana, na cha Mwalimu kingebaki.

Orodha ilitambua faili chache mno. Nilikasirika, kisha nikacheka peke yangu. Programu za mtaani kwetu zilikuwa zimechokorwa na mafundi wengi hivi kwamba waliozitunga wasingezijua. Lakini sote tulinakiliana flashi! Nikazunguka vibandani kuziomba.

"Unataka kuniibia programu ama?" jirani mmoja akauliza.

"Nani aibe hiyo takataka? Si uliikopi kwangu!"

Mwishowe walinipa flashi zao, nikafungua kila kifurushi cha programu kilichokuwemo, nikatengeneza orodha yetu wenyewe ya alama. Zile sauti maelfu zikapungua mpaka zikabaki thelathini na kitu. Nne zilikuwa zimekatika katikati, na hizo hazikurudi. Nilimpigia Mwalimu simu papo hapo.

Alikaa kwenye stuli yangu, nikachezesha ya kwanza. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza jambo kwa Kikalenjin, nisielewe neno. Mwalimu akashika mdomo.

"Huyu tulimzika mwaka jana," akasema. "Anauliza kama simu imeshika sauti kweli. Anaogopa maneno yake yatapotea."

Nikasimamisha sauti. Sikujua niangalie wapi.

"Mjibu," Mwalimu akaniambia.

Nikainama karibu na spika.

"Imeshika, Kogo."