Siku Niliponyamaza, Kifua cha Motokaa Kikapasuka

Mwanangu, siku ile naikumbuka hata harufu yake: mvuke, matope na majani ya migomba yaliyokanyagwa. Nilikuwa mke mgeni pale Ikolo, sijamaliza hata msimu mmoja wa mpunga kwa mume wangu. Kwetu ni Ikombe, kwa Wakisi, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa wanakofinyanga vyungu, na mama yangu Tupokigwe alinikuza kwenye moshi wa kuchomea vyungu hivyo. Mume wangu Gwakisa alikuwa Mnyakyusa. Alikuwa amechochea moto kwenye meli ya Wajerumani mpaka akajuajua mambo ya injini, ndipo Mjerumani mmoja mwenye shamba la kahawa huko juu Tukuyu akamkabidhi motokaa yake. Jina la Mzungu huyo lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Haraka.

Motokaa ile ilikuwa na kitu mbele ambacho ninyi mnakiita rejeta. Sisi tulikiita kifua, maana ndicho kilichokuwa kikihema. Maji yanatoka kwenye injini yakiwa ya moto, yanapita humo yakipigwa na upepo, yanarudi yamepoa. Gwakisa alikitunza kuliko alivyonitunza mimi. Natania, alinitunza vizuri sana. Alichuja maji kwa kitambaa cheupe kabla ya kuyatia. Kila safari ikiisha alichukua unyoya wa kuku akatoa mbegu za nyasi na wadudu waliojibana kwenye matundu. "Hiki kikiziba," aliniambia, "injini inaungua, na mimi nimekwisha."

Sasa nikueleze kidogo desturi, maana ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke hakumtazama baba mkwe, hakumsemesha, wala hakupishana naye njiani. Mkikaribia kukutana, wewe ndiye unayeingia porini. Hata jina lake hulitaji. Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote, lile silitamki mpaka leo.

Wifi yangu Tumpe alikuwa hanipi nafasi. "Huyu Mkisi wa vyungu," alikuwa akisema, "heshima ataijulia wapi?" Liliniuma hilo. Nikaapa hakuna mke wa Kinyakyusa atakayenizidi adabu. Siku moja nilisikia kikohozi cha baba mkwe njiani, nikatupa mzigo wa kuni na kujitosa kwenye mtaro wa maji mpaka kiunoni. Wanawake walinisifu wiki nzima. Zile sifa zikanilevya.

Basi, masika yale motokaa ilitoka bandarini Mwaya imebeba mabati, Gwakisa akiendesha na Bwana Haraka kando yake, ikazama kwenye matope karibu na migomba yetu. Injini iliunguruma kupita kiasi, kifua kikaanza kutoa mvuke. Nikatoka kijitoni na mtungi kichwani, maji ya kushuka milimani, baridi hadi meno yanauma. Nilipofika nyuma ya migomba nikasita. Baba mkwe alikuwa pale barabarani na wanaume wenzake, amekuja kuisukuma motokaa ya mwanawe. Nikautua mtungi, nikachutama, nikajifunika nguo kichwani.

Gwakisa alinifuata. "Naenda mbele kuangalia daraja la magogo," akasema. "Maji haya yasiguswe mpaka nirudi. Kifua kipoe kwanza. Wewe binti wa vyungu, unajua."

"Najua," nikamjibu.

Nilijua kweli. Kwetu chungu kikitoka motoni kikamwagiwa maji baridi, kinalia ta! na kazi ya siku nyingi imekwisha.

Gwakisa hajafika mbali, Bwana Haraka akaanza. Akatazama mawingu, akaipiga motokaa kwa fimbo. "Maji! Maji yako wapi? Leteni!" Yeye mwenyewe akavaa glavu yake ya ngozi na kufungua kifuniko, mvuke ukaruka juu. Tumpe akaja mbio, akaunyanyua mtungi miguuni pangu.

"Wifi, bado," nikanong'ona.

"Bado nini? Mzungu anataka. Wewe endelea kujificha."

Akaupeleka, akampa aliyekuwa karibu zaidi na kile kifua. Naye alikuwa baba mkwe, mzee mpole, mwepesi wa kusaidia. Akauinua mtungi. Palikuwa na nafasi, mwanangu, ya kuvuta pumzi kama mara tatu hivi. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikawaza: nikipaza sauti watasema Mkisi amemkemea baba mkwe mbele ya wanaume.

Akamwaga. Ta! Kifua kikaachia kwenye maungio, juu mpaka chini, maji yote yakaishia matopeni.

Gwakisa alirudi akikimbia. Bwana Haraka hakusema kwamba aliyeagiza ni yeye. Aliuliza tu, motokaa hii amekabidhiwa nani? Baba mkwe akasogea mbele. "Maji nimemwaga mimi, Bwana. Nipige mimi." Mzungu hata hakumtazama. Gwakisa akalazwa kwenye nyasi na kupigwa viboko, baba yake amesimama pale pale, na mimi nimechutama nyuma ya migomba na heshima yangu.

Nyumbani nilimwosha mgongo. Akaniuliza, "Ulikuwepo alipomwaga?"

"Nilikuwepo."

Akanigeuzia mgongo tena. Kisha akasema, "Haya, endelea kumwaga na wewe. Mimi sijachemka, sitapasuka." Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. Heri angenigombeza.

Kesho yake asubuhi baba mkwe alikuja, akakaa nje ya ua wa mianzi. Mama mkwe, Subilaga, alikuwa ndani pamoja nami. Mzee akasema na mkewe, ndivyo ilivyotakiwa, ingawa maneno yalikuwa ya kunifikia mimi.

"Subilaga, muulize mtoto wetu. Alijua?"

"Mwambie nilijua, mama," nikasema.

Alikuwa amenisikia, lakini alingoja aambiwe. Kisha akasema, "Mwambie namshukuru kwa kuniheshimu. Ndaga, asante. Lakini heshima ya jana imemchuna mwanangu ngozi, na mimi sikuiomba. Desturi ilimkataza kunisemesha. Je, ilimkataza kumpigia kelele Tumpe? Ilimkataza kuuambia mgomba? Angesema, 'We mgomba, kifua bado cha moto!' Mimi nina masikio. Ningeutua mtungi, na hakuna ambaye angesema amenisemesha."

"Na mgomba ungemjibu nini?" mama mkwe akauliza.

"Ungenyamaza. Mgomba una adabu kuliko Mzungu." Wakacheka wote wawili, mimi nalia. Kisha sauti yake ikapoa. "Mwambie simchukii. Amekuja na ujuzi wa kwao. Asiuache nje ya ua wetu."

Kifua kipya kiliagizwa Ulaya, na meli ilipokileta tulikuwa tumekwisha kuvuna mpunga. Gwakisa alilegeza boliti, akakitoa kile kibovu, akakipachika kipya juu ya vipande vya ngozi ili mtikisiko usikivunje, akafunga mipira ya maji, wa juu na wa chini. Watu walijaa kutazama. Baba mkwe alianza kutia maji polepole, Bwana Haraka amekwisha kukalia kiti chake. Na mimi, nyuma ya migomba, nikaona tone likidondoka chini, na jingine, upande ambao Gwakisa hakuwa akiuona.

"Mama!" nikapiga kelele, na mama mkwe alikuwa kando yangu kabisa. "Mama, mpira wa chini unavuja! Wasiwashe!"

Subilaga akaziba sikio. "Nimesikia, mwanangu. Hata Mwaya wamesikia."

Mzee akautua mtungi. Gwakisa akainama, akakaza waya wa ule mpira mpaka tone likakatika. Wakajaza, wakawasha, kifua kikahema vizuri. Bwana Haraka alinung'unika, akangoja.

Lakini alama za vile viboko hazikutoka, mwanangu. Gwakisa nilimzika nazo.

Ndiyo maana nakuambia wewe, kijana au binti unayeingia kwa watu: waheshimu wakubwa, usiwavunjie adabu, lakini usiiite hofu yako heshima. Ukijua jambo litakalomwumiza mtu, litafutie njia ya kupita kabla mtungi haujainama. Kama huwezi kumwambia mwenyewe, mwambie aliye karibu naye, na ukinong'ona usisikike, paza sauti. Usingoje usifiwe kwa kunyamaza. Na wewe unayeendesha malori kupanda Tukuyu, rejeta ikichemka zima injini, kaa pembeni, iache ipoe, hata tajiri wako akikutukana. Tia maji safi, kagua mipira yako kabla ya safari.

Kyala, Mungu wetu, akulinde njiani na nyumbani. Akupe wakwe wenye masikio, akupe mwenzi atakayekusamehe, na kinywa chako akifungue mapema.