Ghorofa ya Tatu, Upande wa Bahari

Baba mkwe wangu alipostaafu ukarani wa bandarini Mombasa, katikati ya miaka ya sabini, alirudi kwetu juu ya Keroka na masanduku mawili, kikohozi, na habari kwamba hana nia ya kukaa. Baridi ya mlima wetu, alisema, ingemmaliza. Alitaka kutumia kiinua mgongo chake kupata makao ufuoni: si nyumba hasa bali fleti, ghorofa ya tatu, yenye roshani inayotazama bahari. Swali lililobaki ni moja tu, ainunue au aipange, na kwa hilo alikuwa tayari kusikiliza ushauri wa ukoo. Aliyasema hayo kwa unyenyekevu mkubwa, kama mgeni anayeulizwa achinjiwe kuku yupi.

Msinicheke, lakini siku zile Mombasa kwetu ilikuwa ng'ambo. Ulipanda basi mpaka Nairobi, ukalala kwenye treni, ukaamka kwa watu wanaosalimiana robo saa nzima kabla ya kusema shida iliyowaleta. Huko ndiko baba mkwe alikokaa tangu mume wangu hajazaliwa. Alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, likizo, na karibu kila likizo iliacha mtoto. Sisi tulimjua kama watu wanavyoijua mvua ya vuli: itakuja, haitakaa.

Aliyekaa ni mama mkwe. Yeye ndiye aliyeipanda chai miche ilipoanza kugawiwa, akaichuma, akaibeba mgongoni mpaka kwenye banda la kuuzia majani. Kwa pesa za bonasi alijenga nyumba ya mabati, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, na kila aliyepita barabarani alisema, “Tazama boma la karani!” Karani mwenyewe hakuwa amebeba hata tofali moja. Nilipoolewa pale, siku za kwanza kabisa, mama mkwe aliniambia tukiwa kwenye chai kwamba yeye ana jambo moja tu analomwomba Mungu: mzee astaafu salama, arudi, wazeeke pamoja. “Nimekuwa mke wa likizo,” alisema. “Nataka kuwa mke.”

Basi mkutano ukaitwa Jumapili, kwa kuwa Jumamosi sisi ni Sabato na mambo ya kununua hayatajwi. Wazee walikaa sebuleni, na kiongozi wao alikuwa kaka mkubwa wa baba mkwe, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu na hekima.

“Hiyo nyumba,” akaanza kaka mkubwa, “udongo wake uko wapi?”

“Iko juu, kaka. Ghorofa ya tatu.”

“Mimi nauliza udongo.”

“Udongo ni wa mwenye jengo.”

“Kumbe unanunua hewa!”

“Nanunua sakafu, kuta na mlango. Kuna karatasi kabisa, ya miaka tisini na tisa.”

“Halafu?”

“Halafu inarudi kwa mwenyewe.”

“Ala! Basi hata anayenunua anapanga, ila yeye hajaambiwa.”

Wazee wakacheka mpaka vikombe vikalia. Baba mkwe akangoja wamalize. Alikuwa amezoea kungoja maofisa wamalize kucheka. Ndipo kaka mkubwa akauliza swali lililoharibu mchana mzima: “Na mwanao akija kukutembelea na mkewe, watalala wapi?”

“Kuna vyumba viwili vya kulala.”

Nusura niiangushe sufuria. Kwetu kuna ensoni, yaani ile heshima na haya kati ya mzazi na mwana aliyeoa. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe mwenye mke, na hakuna siku yeye na mokamwana, ndiyo mimi huyo, mke wa mwana, watalala chini ya paa moja. Vyumba viwili! Hata kama vingekuwa ishirini. Sebuleni wote wakasema kwa pamoja.

Mmoja alisema jengo lile lote lina paa moja, kwa hiyo mokamwana akilala hata ghorofa ya chini kabisa, ensoni imevunjika. Mwingine akakataa: sakafu ya ghorofa ya nne ndiyo paa la ghorofa ya tatu, kwa hiyo kila ghorofa ina paa lake. Sawa, lakini ngazi je? Ngazi ni moja, na mokamwana atapishana na baba mkwe hapo akiwa ametoka kuoga. Hapo mzee mmoja akaomba Mungu amsamehe kwa picha iliyomjia. Walijadili mahali pa kunilaza mpaka chai ikapoa mara mbili tukaipasha, na hakuna hata mmoja aliyeinua sauti kidogo kuniuliza kama nina haja ya kwenda Mombasa.

Mwisho kaka mkubwa akatoa hukumu. Nyumba iliyonunuliwa ni boma, na ensoni huingia na mwenye boma. Lakini nyumba ya kupanga ni ya mtu baki, na aliye humo ni msafiri tu, kama kwenye treni au hospitali, ambako watu hulala palipopatikana na Mungu anaelewa. Kwa hiyo apange kwa mwaka mmoja, kisha tuone. Na aende na mkewe, asije akateseka na kupika. Wote wakaitikia. Hukumu ilikuwa safi kabisa, nami nilijivunia ukoo nilioolewa.

Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa anamenya ndizi, na kisu hakikuwa kimepunguza mwendo.

“Umesikia, Mama?”

“Nina masikio.”

“Utaenda?”

“Wamejadili udongo, wamejadili paa, wamejadili na ngazi,” alisema. “Mimi nilitaka mtu mmoja arudi nyumbani akae. Hilo halikuwa na wa kulijadili.” Hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa hasira, na kwa kuwa najua nani angebaki na ile chai yote.

Aliniachia shamba, ng'ombe, na maagizo mengi kuliko ya Musa. Mzee alitangulia barabarani na kofia yake, naye akafuata na kikapu, bila kugeuka nyuma. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Mwanamke aliyechimba mlima kwa mikono yake anapelekwa kutazama maji!

Desemba, shule zilipofungwa, mume wangu akasema twende tukawaone. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilibeba hukumu ya kaka mkubwa kichwani kama cheti: nyumba ya kupanga, msafiri, hospitali. Tulipanda zile ngazi, tukagonga. Baba mkwe akafungua. Akatupisha tuingie. Akatazama dari kwa muda, akatazama viatu vyangu, maana usoni hanitazami, kisha akachukua kofia yake akatoka. Hukumu ya wazee ilidumu muda wa kuvua viatu.

Wakati wote tuliokuwa pale alilala kwa rafiki yake wa zamani wa kazini, mtaa wa pili, kwenye chumba kisicho na dirisha. Alilipia roshani ya baharini ili niitumie mimi! Mchana alikaa kwenye benchi chini ya jengo, shati limemganda mgongoni, na chakula chake kilishushiwa hapo. Rafiki zake wengine walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Alimwita mume wangu kila mara, na mazungumzo yalikuwa yale yale: ndizi za kule chini mtoni zimezaa? Ng'ombe ana mimba? Mvua imepiga? Akawa anakohoa kwa joto kama alivyokohoa kwa baridi. Bahari ilikuwa pale, hatua chache tu, naye ameipa mgongo.

Lakini mama mkwe! Jamani, sikumjua. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, amenenepa mashavu, na yale magoti yaliyokuwa yakimfanya apande mlima wetu akiugua yalikuwa yanapanda ngazi bila wimbo. Asubuhi alishuka kusimama majini na akina mama wenzake, maji yakimfika magotini, akicheka. Akigeuza bomba, maji yanatoka. Mara ya kwanza, alinisimulia, aliligeuza na kulifunga mpaka mzee akamuuliza kama ameharibikiwa akili. Na Kiswahili chake! Mimi nilikifundisha kwa kitabu na kiboko, ngeli zote kwenye ubao, na bado mtu wa Mombasa akinisikia aliuliza natoka Kisii ya wapi. Yeye alikiokota kwenye ngazi, akabishana na muuza samaki mpaka muuza samaki akashika kichwa. “Wee bwana wee,” alimwambia, “samaki huyu kafa kwa uzee!” Nilitazama pembeni nisionekane nikicheka.

Siku ya mwisho tulikaa naye roshani. Nikamuuliza kama hapakumbuki nyumbani.

“Nakumbuka sana,” akasema. “Nakumbuka nikiwa nimekaa. Sikujua mtu anaweza kukumbuka chai huku amekaa.”

Mwaka wa kupanga ulipokwisha walirudi wote wawili, na wazee wakakutana tena. Baba mkwe alisema kwamba ametafakari kuhusu kununua na kuhusu kupanga, na ameona ni afadhali kukaa nyumbani kwake. Joto lile si la binadamu. Kaka mkubwa alisimama akamkumbatia. Wakamshukuru Mungu kwa sala ndefu, na mimi jikoni nikasema amina kwa moyo wote, maana niliona ombi la mama mkwe limejibiwa, tena mbele ya mashahidi.

Mama mkwe akaingia sebuleni na birika, akaliweka mezani, na akabaki amesimama.

“Mimi nitarudi Mombasa,” alisema.

“Kufanya nini?” akauliza kaka mkubwa.

“Kukaa.”

“Na nani?”

“Peke yangu. Nimezoea.”

Alikuwa amekwisha kupanga chumba, akaeleza, kwa mama mmoja mjane anayekaanga mahamri ya kuwauzia wafanyakazi wa bandarini, na yeye angekaanga naye. Hakutaka kununua. Angekuja nyumbani mara moja kwa mwaka.

Lo! Wazee walipekua kila kona kutafuta amri aliyoivunja. Ensoni haikuwa na la kusema, maana hakuna mkwe ambaye angelala na mkwe wake chini ya paa moja. Sabato angeishika huko huko. Walijaribu shamba: nani atachuma chai? Akaninyoshea kidole kupitia mlangoni. Walijaribu aibu: watu watasema nini, mke mbali na mume? Hapo mmoja wao akameza maneno yake katikati ya sentensi. Mwishowe wote wakamgeukia mwenye mke. Angeweza kumkataza, na kwa desturi zetu neno lake lingetosha. Badala yake alijimiminia chai. Kila sababu aliyoiendea, nadhani, aliikuta ameshaitumia mwenyewe upande wa pili.

Akaenda. Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Mama mkwe gani huyo anakuachia ekari za chai, ng'ombe, na mzee usiyeruhusiwa kumtazama usoni? Nilikuwa nikimpikia ugali wa wimbi na mboga, naweka sahani barazani, nagonga mlango, naondoka mbio kabla hajafungua. Naye alikula peke yake katika ile nyumba nzuri ya mabati. Wapita njia waliendelea kuisifu kwa jina lake.

Jioni moja, mwezi wa saba hivi, wakati ambao mama mkwe alikuwa bado hajaja, nilikuwa nje ya jiko langu napepeta wimbi nikamwona mzee amesimama kwenye migomba, mgongo wake kwangu, kama inavyopasa. Niliinuka niondoke. Akasema, bila kugeuka:

“Mokamwana. Ngoja.”

Nikasimama. Kwa miaka yote niliyokuwa pale hakuwa amewahi kunisemesha ana kwa ana, na hata sasa alikuwa anaisemesha migomba.

“Mama yenu,” alisema, “ile miaka nikiwa kazini. Jioni kama hizi, alikuwa anafanya nini?”

Nilikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa makali. Nilikuwa nimeyaweka muda mrefu. Lakini nilimwona shingo ilivyokonda ndani ya kola ya shati, nikamhurumia ghafla, mpaka nikaudhika kwa kumhurumia.

“Alikuwa anafungia kuku, Tata,” nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba. “Kisha anasimama kidogo hapo uliposimama, anatazama barabara. Halafu anaingia ndani.”

Nikamsikia akiwaita kuku, vibaya, kwa sauti ya mtu asiyejua wanaitwaje, nao wakamkimbia. Nikaweka ungo chini nikaenda kumwonyesha.