Kofia kwenye Bahasha

Mpelelezi alikuwa binti mdogo, wa kumzaa mwenyewe. Alifika kwangu Mitole Ijumaa karibu na adhuhuri na askari mmoja, akanipa shikamoo, akavaa glovu, akatoa kofia ya mkono kwenye bahasha kuukuu.

"Mama, tumeambiwa fundi wa kofia hapa ni wewe. Hii unaweza kujua ameishona nani?"

Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini ua lile la pembe saba nililijua mara moja. Kofia za kuuza nazitia nakshi yoyote. Ua hilo nimelirithi kwa bibi, na ni la wanaume wa nyumbani kwetu tu.

"Mkono wangu huo!" nikasema, tena kwa kujivuna. Mdomo huponza kichwa.

Hapo ndipo aliponieleza. Kofia iliokotwa chini ya maiti ya jirani yetu, aliyeuawa mikoroshoni nilipokuwa msichana. Muuaji hakujulikana. Imekaa stoo ya polisi miaka yote, na sasa kuna vipimo vya kusoma jasho la aliyeivaa.

"Ulimshonea nani, mama?"

Baba alikuwa keshafariki wakati ule. Alibaki mdogo wangu. Wiki ile ile alirudi kichwa wazi, akasema kofia imechukuliwa na maji akivuka mto. Nilimcheka sana, kisha nikamshonea nyingine. Tangu hapo kila inapochakaa namshonea, ua lile lile. Ndiye anayemlimia mjane wa marehemu shamba mpaka leo, na kijiji kizima kinamsifu.

"Nimeshona nyingi, mwanangu. Sikumbuki."

Uongo, siku ya Ijumaa! Hakubishana nami. Alitoa kijiti chenye pamba.

"Basi tuchukue mate yako. Kama mvaaji ni ndugu yako wa damu, yataonyesha."

Nikikataa, nimekiri. Nikikubali, nimemtoa. Nilifungua mdomo huku nikijichukia, na pamba ikanikwaruza shavu kwa ndani.

Baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu, waondoke. Mdogo wangu hula kwangu kila Ijumaa akitoka msikitini, na adhana ilikuwa imeshapita. Sikuwakaribisha hata chai, nikawaambia safari yao ni ndefu, barabara mbaya. Binti yule akaendelea kuandika. Akaomba maji. Akayanywa polepole, mpaka nikatamani kumpokonya kikombe. Huko nje nikasikia watu wanapeana mikono, swala imekwisha.

"Hodi, dada!"

Aliingia barazani na kanzu yake nyeupe, akawaamkia wageni kwa bashasha. Mpelelezi aliinua macho amjibu, macho yakaishia kwenye paji la uso wake. Yakarudi kwenye bahasha. Yakaja kwangu.

"Ua zuri hilo, baba," akasema taratibu.

Mdogo wangu akaigusa kofia, akacheka.

"Dada yangu huyo. Ua hili hamshonei mtu mwingine ila mimi."